Nilibadilisha Dawa ya Uso wa Binti Yangu, Nikanyamaza

Makosa ni yangu. Naanza hapo ili mtu asiseme nimekuja kutafuta wa kumsingizia. Wengine nitawataja, tena kwa jina, lakini mkono uliofanya ile kazi ni huu wangu wa kupalilia miwa.

Jina langu nimeficha kwa sababu ya mtoto. Yeye nitamwita Violet, na si jina lake. Ni kitinda mimba wangu, yuko kidato cha tatu shule ya kutwa. Baba yake alikufa Violet akiwa mdogo, wakubwa wake wakatoka mmoja mmoja, tukabaki wawili kwa nyumba, mimi na yeye na shamba la miwa huku upande wa Butali.

Violet aliota chunusi. Si zile za kawaida za wasichana, jameni! Zilikuwa kubwa, zenye usaha, shavu lote mpaka kwa kidevu. Akawa anaenda shule ameinamisha kichwa kama mtu anatafuta sindano. Nikaona huyu mtoto ataacha masomo. Nikampeleka hospitali ya misheni.

Daktari alikuwa msichana mdogo tu, lakini alikaa na sisi vizuri. Akampa dawa kwa mkebe mdogo mweupe. Akasema, "Violet, unapaka kila jioni, kidogo kama punje ya kunde, uso wote. Mwezi wa kwanza utaona zinazidi, na ngozi inabambuka. Usiogope. Mwezi wa pili zinaanza kutulia. Mwezi wa tatu ndio utakuja uniambie."

Mimi nikauliza, "Na mwezi wa tatu tusipoona kitu?"

"Mnarudi, mama, tunabadilisha. Lakini msikimbie katikati. Na msichanganye na kitu kingine."

Nilisikia kwa masikio haya mawili! Sikuambiwa na mtu.

Na mambo ilienda vile alisema. Wiki ya tatu uso wa mtoto ulikuwa umeharibika kuliko mwanzo. Ngozi inabambuka kama kiazi kilichochemshwa. Violet mwenyewe hakuogopa. Alikuwa anapakanga kila jioni, anafunika mkebe, anafungua kitabu. Mwenye alikuwa anaogopa ni mimi.

Halafu akaingia Rosebella. Rosebella ni dada ya marehemu mume wangu. Siku nilipoolewa kwao aliniangalia mbele ya watu akasema kaka yake ameleta chini ya sufuria, kwa sababu ya weusi wangu. Hayo nimebeba miaka yote. Sasa kijana wake alikuwa anaoa, na Violet alikuwa kati ya wasichana wa kusindikiza bibi arusi.

Rosebella akaja kupima nguo za wasichana. Akamshika Violet kidevu.

"Mayi wee! Huyu amemwagikiwa na uji moto?"

Nikamwambia ni dawa ya hospitali, inataka miezi mitatu.

"Miezi mitatu!" Akacheka mpaka akashika mlango. "Hata ingokho ikilalia mayai haimalizi mwezi! Mama Violet, hiyo dawa inakula mtoto na wewe unaangalia. Arusi ni wiki mbili. Mimi sitaki wageni waulize kama tumeleta mgonjwa kwa picha. Kama uso hautapona, nguo nitapea msichana mwingine."

Violet alisimama pale na ile nguo mkononi. Hakulia. Aliirudisha tu kwa mfuko, polepole. Hapo roho yangu ilikatika.

Nisikilizeni. Mimi ni mkulima wa miwa. Miwa nangojanga mwaka na nusu, jua na mvua, bila kunung'unika. Jirani akikata miwa changa kwa sababu ya tamaa, mimi ndiye wa kwanza kumcheka, namwambia umeuza maji. Lakini uso wa mtoto wangu nilishindwa kuungojea miezi mitatu! Hiyo ndiyo inaniua mpaka leo.

Nilienda soko ya Shianda kwa Jentrix. Huyu Jentrix anauza mafuta ya kupaka, kwa meza karibu na wauza viatu. Ana ndoo yake ya mafuta amekoroga mwenyewe, anakuchotea na kijiti kwa kikopo kisicho na jina wala maandishi.

"Wiki moja tu, mama. Wiki ikiisha na mtoto hajang'aa, kuja unitukane hapa mbele ya watu wote."

"Haina shida?"

"Shida gani? Mimi mwenyewe napakanga. Niangalie!"

Nikamwangalia. Alikuwa anang'aa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye viungo lakini uso ulikuwa mweupe kama wa mtu mwingine. Niliona, na nikanunua.

Nilipofika nyumbani Violet alikataa. "Mama, hiyo sipaki. Daktari alisema tusichanganye. Wacha nguo iende, arusi si mimi naolewa."

Mtoto alikuwa na akili kuliko mimi!

Alipoenda shule asubuhi nikachukua ule mkebe mweupe wa hospitali. Nikakwangua dawa yote na kijiko, nikaitupa kwa choo. Nikajaza ile ya Jentrix, nikapanguza mdomo wa mkebe vizuri, nikaurudisha pale pale kwa dirisha.

Jioni akafungua. "Mama, dawa imebadilika harufu."

"Ni joto. Dawa ikikaa karibu na bati inanukanga hivyo."

Akapaka. Woi! Akapaka kwa sababu ni mama yake amesema.

Wiki haikuisha. Uso ulisafika, ukawa laini kama yai. Violet alinikumbatia akiruka. "Mama, kumbe mimi ni wa bahati! Daktari alisema miezi mitatu!" Akawa anaambia wasichana wenzake waachane na vitu vya soko, waende kwa daktari. Mimi nimesimama hapo nasikia. Nikacheka naye.

Arusi ilifika, akang'aa. Rosebella akamshika mabega mbele ya kamera, "Sasa huyu ni mtoto wetu!" Na mimi mjinga nikafurahi.

Mkebe ulipokaribia kuisha nikaubeba mpaka kwa Jentrix, nikajaza tena. Na tena. Kila mara Violet akiwa shule, kidogo kidogo asishtuke.

Furaha haikukaa. Uso ulianza kuwa mwekundu. Ngozi ikawa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Akatoa vinyweleo kwa mashavu kama kijana anayeota ndevu. Chunusi zikarudi, ndogo ndogo, nyingi kuliko zile tulianza nazo. Hakuweza kukaa karibu na moto kupika obusuma, ule ugali wetu, anasema uso unawaka. Nikakimbia kwa Jentrix. Akasema, "Ongeza." Nikaogopa, nikaficha mkebe, nikamwambia dawa imeisha. Siku mbili tu, mtoto akaamka uso umefura, anaungua kama amepakwa pilipili.

Tukarudi kwa daktari. Sasa hapa ndipo kosa langu lenyewe lilipo. Yale mengine mtu anaweza kusema ni ujinga.

Daktari alimgeuza uso kwa mwanga wa dirisha. "Violet, umepaka kitu kingine?"

"Hapana, daktari."

"Sema tu, sitakasirika. Dawa niliyokupa haifanyi uso hivi. Hiki ni kitu cha soko."

"Naapa, daktari! Sijapaka. Muulize mama."

Wote wawili wakageuka wakaniangalia.

Nikasema, "Hajapaka kitu kingine."

Daktari akauliza ule mkebe uko wapi. Nikasema uliisha, nilitupa. Ulikuwa nyumbani, chini ya kitanda changu. Akashusha pumzi, akasema, "Mkinificha ninatibu nikiwa nimefungwa macho." Alisema akimwangalia mtoto. Alidhani mtoto ndiye mwongo! Na mwongo alikuwa amekaa kwa kiti cha pembeni, amefunga kitambaa kichwani, anaitwa mama.

Tulipotoka nje Violet alilia sana. Hakulilia uso. Alisema, "Mama, wewe peke yako ndiye unaniamini."

Hata hapo sikusema. Mungu anisamehe, sikusema!

Aliyesema ni Jentrix. Tulienda Shianda kununua omena, mimi na Violet, yeye amefunika uso na leso. Jentrix akatuona kwa mbali akapaza sauti:

"Mama Violet! Umenihama siku hizi? Kuja, nimepata mpya, kali kuliko ile ulikuwa unajaza kwa mkebe wa hospitali!"

Watu wakacheka, wale wa viatu. Violet akaniangalia. Niliona akikumbuka, kimoja kimoja, ile harufu, lile joto la bati, ile siku kwa daktari. Akaweka kikapu chini katikati ya soko, akaenda zake.

Jentrix akaniuliza, "Kwani mtoto hakujua?"

Sasa Violet anaenda kliniki na dada yangu. Mimi hanitaki huko. Alimweleza daktari yote, na nimesikia daktari alimwomba msamaha. Aliambiwa ngozi iliyozoea kile kitu itasumbua kwanza ikikinyimwa, na inaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Anangoja. Yeye kungoja hakujawahi kumshinda.

Rosebella anaambia watu mimi ndiye nilichoma mtoto. Ni kweli, lakini kiberiti ni chake. Jentrix bado yuko soko na ndoo yake, na wamama bado wanapanga laini.

Nyinyi wamama wenzangu, sikieni mtu aliyeungua. Dawa ya uso haina mbio. Ukiambiwa miezi mitatu, ngoja mitatu. Ukiona imezidi mwanzoni, rudi umuulize aliyekupa, usiulize wifi yako. Kitu cha kung'arisha mtu kwa wiki moja, kiogope kama nyoka! Na kama umeshakosea, daktari akiuliza, sema. Sema hapo hapo kwa kiti, hata mtoto akiwa anakuangalia. Ukipitisha hiyo dakika, hutaipata tena.

Juzi nilimwandalia Violet chai. Akachukua kikombe, akanusa. Halafu akanirudishia mkononi, kwa heshima, kama anavyomfanyia mgeni.

"Onja kwanza," akasema.

Nikaonja.