Nyungunyungu wa Kiatu Chekundu

Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano. Ukipiga jembe, jembe linalia na cheche zinaruka. Nyungunyungu akijaribu kuchimba hapo anavunjika meno. Ndiyo maana wavuvi wa mtaa wa Katoyi walizoea kununua chambo kwa wamama walioshuka kutoka milima ya Masisi, nyungunyungu wanono ndani ya majani ya mgomba. Vita ilipofunga barabara ya Sake, wamama hawakushuka tena. Samaki wa Ziwa Kivu wakanenepa kwa kukosa wa kuwasumbua. Kuna kambale mmoja, watu wanasema, alikuwa anakuja mpaka ukingoni kuuliza wavuvi wamepatwa na nini.

Mvuvi Modeste ndiye aliyemjibu. Alichukua viatu vyeusi vya plastiki vilivyochakaa, akavikatakata kama majani ya sombe, akavitia ndani ya kopo la nyanya juu ya makaa, na mafuta kidogo ili vitoke laini. Vikiyeyuka, alimimina ule uji katika vifereji alivyochonga kwenye ubao, kisha ubao wote chubwi! ndani ya maji baridi. Wakatoka nyungunyungu wa kutikisika, mikia inacheza, na samaki aliwadaka bila kuuliza baba yao ni nani.

"Papa Modeste," mke wake Philomène alimwambia, amejiziba pua kwa kitenge, "samaki unawapikia kila siku. Sisi utatupikia lini?"

"Wao wakishiba, utakula hao hao."

Lakini samaki naye huchoka na chakula kimoja. Nyungunyungu weusi, samaki wakawazoea, wakawa wanawapita kama watu wanavyompita mlevi. Modeste akaanza kutamani wekundu.

Karibu na ziwa dogo la Lac Vert, kando ya barabara, kulikuwa na ua wa miti. Aliyeokota kitu kilichoanguka siku za kukimbia vita alikitundika pale: kifuniko cha sufuria, kofia, shuka. Hakuna aliyegusa. Kitu cha mkimbizi kinamngoja mwenyewe. Modeste aliijua desturi hiyo kama jina lake. Siku ile aliona kiatu chekundu cha plastiki, kimoja tu, kisigino kimeshonwa kwa waya wa shaba. Akajiambia: kiatu kimoja nani atakirudia? Mwenye mguu mmoja? Akacheka peke yake, akafungua fundo, akakitia chini ya koti.

Lo, nyungunyungu wale! Siku ya kwanza tu alivua kambale ambaye, Modeste mwenyewe aliapa, alipotoka ziwa lilipungua. Wanaume walimbeba kwa mti, mkia ukafagia barabara.

Walipofika kwenye ua, Modeste alimkuta Apolline, mwanamke wa Masisi aliyekaa kambini pale jirani. Alikuwa anapekua ua, mti kwa mti.

"Papa, haukuona kiatu hapa? Nyekundu. Ya mama yangu."

"Kiatu? Labda mbwa, binti yangu."

"Mbwa gani anafungua fundo? Niliifunga mimi mwenyewe. Siku ya mabomu, kamyo iliyotubeba iliondoka mama akiwa bado anapanda. Nilibaki na kiatu mkononi, yeye akabaki barabarani. Mama hakusoma, papa. Ningeandika jina lake hapa kubwa kama nyumba, angelipita tu. Lakini ule waya alishona yeye. Akiuona, anajua mtoto wake yuko hapa."

Modeste angeweza bado kunyamaza. Ila Charline, muuza makaa wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amesikia.

"Kumbe ni mama yako? Asubuhi hii mama mzee alipita hapa, mguu moja mutupu, ingine na kiatu nyekundu. Aliangalia huu ua kitu kwa kitu. Nikamwambia, ikala kwanza, mama, pumzisha miguu. Akasema, 'Hapa wangu hayuko.' Akapanda kamyo ya mchanga."

"Ilienda wapi?"

"Sikuangalia, dada yangu. Nilikuwa na mteja."

Modeste akatoa kopo lake. Akamimina nyungunyungu wekundu katika kiganja cha Apolline, na ule waya juu yao.

"Ni mimi," akasema.

Apolline aliwatazama wakitikisika. Hakumpiga, angempiga ingekuwa nafuu.

"Hawa, papa, mama atawatambua namna gani?"

Samaki yule mkubwa aliishia kwa madereva. Modeste na Apolline walizunguka naye kila mahali kamyo zinapopakia mchanga, wakikata kipande, wakiuliza. Kila dereva alikula. Hakuna aliyekumbuka mama mzee.

Waya wakaufunga tena kwenye ua, lakini waya mtupu, ukiwa hatua chache tu, hauonekani. Basi Modeste anaketi hapo kando yake. Mama mzee yeyote akipita, Modeste anasimama, anamwangalia miguu kabla ya uso.

"Jambo, mama. Samahani, kiatu yako ingine iko wapi?"

"Weye muzee!" wamama wanamwambia. "Unatafuta viatu ama unatafuta bibi wa kuoa?"

Wavuvi wenzake wanacheka. Naye anacheka nao kidogo, halafu anaketi tena.