Plagi ya Pembeni

Wakati ule nilikuwa nafanya biashara ya kitunguu saumu na maharage. Nilinunua kwa wakulima wa upande wa Mbulu, nilikozaliwa, nikateremsha mzigo Katesh, nilikoolewa. Siku za mnada nilikwenda Gitting au Gendabi. Gari langu lilikuwa la mtumba kutoka Japani, gari la familia lililokaa chini, ila nilikuwa nimeng'oa kiti cha nyuma ili magunia yapate nafasi.

Nilipokuwa msichana, gari lilikuwa la serikali, la misheni au la mashamba ya ngano. Sisi wengine tulilijua kwa vumbi lake. Kisha biashara ikaachiwa huru, mitumba ikaingia, na mkoa wetu ulipomegwa kutoka Arusha na ofisi kufunguliwa Babati, hata walimu wakaanza kununua magari. Spea nazo zikajaa madukani, na feki zikaja pamoja nazo. Boksi lilelile, maandishi yaleyale, na ukifika nyumbani unakuta umeuziwa takataka. Nilijifunza kuuliza mara mbili na kuamini nusu. Mume wangu, ambaye alikuwa mwalimu, alisema nimekuwa kama askari wa kizuizi cha barabarani.

Gari lilianza kumisi nikiwa napanda mlima kwenda Mbulu. Linatetemeka, linakata nguvu, linashika tena. Nikaenda kwa fundi mmoja pale Katesh, kijana wa miaka kama thelathini aliyetokea upande wa Singida. Gereji yake ilikuwa kibanda cha mabati na uwanja uliolowa oili. Hakuwa mwongeaji. Alifungua boneti, akasikiliza, akasema, "Mama, plagi zimekwisha. Lakini hii injini ina shida yake."

Akanionyesha. Injini ilikuwa imelazwa kwa upana, plagi tatu zinatazama mbele ambako kila mtu anaziona, na tatu nyingine zimegeukia nyuma, kwenye ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Nafasi iliyobaki hapo ilikuwa ya kupitisha mkono tu. Macho hayafiki. Njia sahihi ni kufungua mdomo wa hewa wote ulio juu, lakini gasketi yake ikichanika, nyingine Katesh haipatikani. Alisema atazitoa kwa kupapasa.

Kazi ya kupapasa haina shahidi. Hilo ndilo lililonikaa kichwani. Plagi nilizinunua mwenyewe Babati, na kabla ya kumpelekea nilichukua rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, nikaweka tone dogo kwenye sehemu nyeupe ya kila plagi. Nikamwambia pia kwamba zile za zamani nazitaka zote.

"Utazifanyia nini, mama?" aliuliza.

"Nitazitazama."

Akacheka kidogo, akainamia kazi. Mimi nilikuwa na mzigo wa kupokea sokoni, sikuweza kukaa. Niliporudi jioni gari lilikuwa limewashwa, linanguruma vizuri kuliko asubuhi. Akanipa plagi za zamani kwenye mfuko wa plastiki, sita kamili.

Nikaendesha hadi nyumbani nikisikiliza. Lilikuwa na nguvu, lakini likiwa limesimama kulikuwa na kamtetemo kadogo, kama mtu anayezuia kukohoa. Nilizima redio ili nisikie vizuri. Nikamwambia mume wangu apande asikilize. Akasema hasikii kitu, ila akiwa na mimi atasikia hata kisichokuwepo.

Nikamwaga ule mfuko juu ya meza. Plagi tano zilikuwa ndugu: zimeungua rangi moja ya kahawia, zina maandishi yaleyale. Ya sita ilikuwa nyeusi, ina mafuta, na maandishi yake yalikuwa mengine. Nikaenda kuchukua spana ya plagi iliyokuja na gari. Iliingia kwa zile tano bila shida. Kwa ile ya sita haikuingia kabisa, kichwa chake kilikuwa kikubwa mno.

Mume wangu aliacha kusahihisha madaftari.

"Hiyo haijawahi kuwa kwenye gari letu," alisema.

"Ndiyo. Na yangu mpya iko wapi?"

Nililala nikiwa nimeshamhukumu yule kijana. Nilijua hata atakayenunua: atakuwa mwenye gari lingine, atafungiwa plagi yenye tone langu la rangi, na atashukuru.

Asubuhi nilikwenda mapema kabla wateja hawajafika. Alikuwa anafagia. Akaacha ufagio, akasema, "Shikamoo mama." Nikaitika marahaba, kwa sababu hata ukimshuku mtu salamu yake huwezi kuiacha hewani. Kisha nikaweka plagi nyeusi juu ya benchi lake, na spana yangu kando yake.

"Hii ni ya gari gani?"

Aliitazama. Nilitegemea aanze maneno, na nilikuwa nimeyaandalia majibu. Badala yake aliingia kibandani, akatoa koti lake la kazi, akaingiza mkono mfukoni na kuniletea plagi mpya. Tone jekundu lilikuwepo.

"Sijaiuza," alisema. "Ile ya pembeni, ya mwisho kabisa, imeshika. Nilipoigeuza ikalia. Nikaacha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

Akaniambia kwamba huko kwao alishawahi kukatia plagi ndani ya injini ya mtu mkubwa. Polisi wakamweka ndani, na alipotoka vifaa vyake vyote vilikuwa vimechukuliwa. Ndiyo sababu alihamia kwetu. Alisema yote akitazama chini, taratibu, bila kujikanganya, na mimi nikawaza kwamba mtu anayesema uongo aliouandaa naye hajikanganyi.

"Na hii nyeusi?"

"Niliitoa kwenye kopo la chakavu. Ulisema unataka zote."

Hasira yangu ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imepoteza pa kushika. Ningeweza kuondoka na gari. Nilimfikiria fundi mwingine wa kumpelekea, nikaona naye nitamshuku, tena bila kujua lolote juu yake. Huyu angalau nilishajua alipodanganya.

"Tunaitoa leo," nilisema. "Na mimi nakaa hapa."

Alipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli kule nyuma, akamimina mafuta ya kulegeza kutu kwa mpira mwembamba, tukaacha yaingie. Nilikaa kwenye kiti cha gari bovu kilichokuwa pale uwanjani, nikiangalia mikono yake tu. Wateja wawili walifika, akawaambia warudi kesho. Mchana akawasha injini kidogo ipate uvuguvugu, akazima, akajaribu. Mkono wake ulipita hadi kwenye kifundo ukakwama. Spana ilishika plagi, lakini hakuwa na nafasi ya kuhisi kama inageuka au inajikunja. Alitoa mkono umechubuka, akaurudisha, akautoa tena.

Nikautazama mkono wangu.

"Sogea," nilisema.

"Mama, utachafuka."

"Nimebeba vitunguu tangu nasoma. Sogea."

Nikavua pete, nikaifunga kwenye pembe ya kanga. Nikapanda juu ya gurudumu la zamani, nikalala kifua juu ya injini na kuingiza mkono. Kulikuwa na joto, na chuma cha nyuma kilinikwaruza ngozi. Nilipapasa waya, nikapapasa bomba, halafu nikaipata spana aliyokuwa ameiacha imekaa mahali pake.

"Usivute kwa nguvu," alisema karibu na sikio langu. "Kidogo kushoto. Ikikataa, rudisha kulia. Ikilia, acha."

Ikalia. Nikaacha. Jasho lilikuwa linaniingia machoni na sikuwa na mkono wa kufutia. Ghafla nikaelewa alichokisikia jana yake: mlio mkavu, kama jino likisagwa, na hujui kama kinachotoka ni plagi au ni gari lako lote. Pia nikawaza kwamba ikikatika sasa, mkono uliomo ndani ni wangu, si wake, na pengine hilo ndilo alilolitaka tangu mwanzo.

"Ongeza mafuta," nilisema.

Akaongeza. Tulikwenda hivyo, kushoto kidogo, kulia kidogo, hadi mara moja nikahisi inalegea, inageuka bila kulia, inageuka tena. Niliitoa mwenyewe. Sehemu yake nyeupe ilikuwa na ufa kuanzia juu hadi chini, na nyuzi zake zilikuwa zimejaa kutu. Maandishi yake yalifanana na ya wale ndugu watano. Fundi akaishika, akakaa juu ya gurudumu.

Ile mpya niliifunga kwa vidole kwanza, akanielekeza nikaze kwa spana, nisizidishe. Tulipowasha, mtetemo haukuwepo. Hatukupeana mkono wala kusemezana maneno mazuri. Alinipa sabuni ya unga na maji, nikaosha.

Wiki hiyo nilipanda hadi Mbulu na gari halikukata nguvu hata kwenye kona mbaya. Niliendelea kumpelekea gari kwa misimu kadhaa, na kila mara nilikaa pale hadi mwisho. Hakulalamika. Nadhani alipendelea hivyo.

Halafu siku moja nikakuta kibanda kimefungwa. Majirani walisema amehamia Babati, wengine wakasema amerudi kwao. Baadaye nilikutana na dereva wa lori wa kutoka Singida, kwao fundi yule, nikamuuliza kama aliwahi kusikia juu ya fundi aliyewekwa ndani kwa ajili ya plagi. Alifikiri sana, akasema hajasikia, lakini mambo kama hayo hutokea. Nilimshukuru, nikapakia magunia yangu. Mpaka leo sijui kama kijana yule alinieleza ukweli, na hata hivyo nimemtetea kwa watu wengi.