Sikio la Mama

Petroli ikinimwagikia mkononi, kama leo asubuhi, huwa sinawi upesi. Harufu yake hunirudisha uani kwetu Kakamega, udongo mwekundu ungali na umande, kwenye gari kuukuu la baba ambalo mshale wake wa mafuta ulilala chini hata tangi likijaa.

Kila Jumapili, kabla ya kwenda kwa nyanya Butere, baba alilitikisa gari kwa bega. Mama, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, aliinama nyuma akatega sikio, akisikiliza mafuta yakicheza ndani.

"Tutafika," alisema. Au, "Leo hatufiki, baba watoto."

Hakukosea.

Siku moja baba aling'oa kiti cha nyuma, akafungua tangi na kutoa boya la geji, lile linaloelea juu ya mafuta na kuinua mshale. Lilikuwa limetoboka na kujaa petroli, zito kama jiwe. Ndiyo maana lilizama na mshale haukupanda. Akafunga jipya. Mama alikaa mbele akiangalia.

"Mshale umepanda," akasema, kwa sauti ndogo. "Basi mimi nimestaafu."

Baba alijipangusa vidole.

Jumapili iliyofuata mshale ulisimama nusu, sote tukiuona. Tulikuwa tayari tumeketi. Baba akashuka, akalitikisa gari kwa bega, akasimama kumngoja mama.

"Si umetengeneza?"

"Hizi vitu mpya zinadanganyanga."

Mama akashuka akicheka, akainama, akasikiliza muda mrefu kuliko siku zote.

"Tutafika."

Ndipo baba akawasha gari.