Mume Wangu Alichagua Amplifaya Isiyo na Tundu la Maiki

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo. Jina langu lifichwe, na anayejidhani ananijua afunge domo lake. Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Soni, nimeolewa Lushoto mjini. Naandika kwa hasira, kwa hiyo mwandiko ukiwa mbaya mtanisamehe.

Mimi na mume wangu tuna banda la video pale stendi. Deki na televisheni alinunua yeye, ila mdomo ni wangu. Wazee wanaotoka Mgwashi na huko Bumbuli Kiingereza hawakijui, na wengine hata Kiswahili wanakivuta kwa shida. Basi mimi nakaa mbele na maiki, filamu ikisema na mimi nasema, Kiswahili kidogo, na penye kuchekesha naingiza Kishambaa. Siku ya gulio watu wakishauza kabichi zao wanakuja mlangoni wanauliza, "Leo mama yupo?" Wakiambiwa sipo, wanageuza.

Mwaka huu amplifaya yetu ikaungua. Na kanda nazo zinakufa, kila anayetoka Dar analeta diski, wanasema zina sauti ya kutokea spika tano. Tukashuka Tanga, mimi na yeye. Dukani tukawekewa mashine mbili mezani. Moja nzito, ya spika mbili, inakubali deki na diski, na mbele ina matundu mawili ya maiki. Ya pili mpya, ya spika tano na besi lake, taa za bluu, mgongoni matundu kama chujio la chai. Nikaizungusha mara tatu. La maiki halimo! Nikamwambia mume wangu kwa Kishambaa, mwenye duka asielewe, "Hii haina pa kuchomeka maiki. Mimi nitasemea wapi?"

Akanijibu kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya wateja. "Mambo yanabadilika, mama. Kesho itakuja sauti ya aina nyingine, hiyo yako haitaisoma. Au siku hizi wewe ndiye fundi?" Watu wakacheka. Nikanyamaza, maana nilifundishwa kwamba mke hagombani na mumewe kwenye kaunta ya watu. Tukapanda milima na hiyo spika tano.

Siku ya kwanza banda lilijaa. Helikopta ikanguruma kutoka nyuma, babu mmoja akajitupa chini ya benchi, tukacheka mpaka machozi. Wiki ya pili wakaanza kuulizana, "Hawa wanagombania nini?" Nikasimama nikatafsiri kwa mdomo mtupu. Jamani, nani anaweza kushindana na spika tano? Koo likakauka, nikakohoa siku nne. Gulio la tatu benchi zilikuwa na watoro wawili wa shule waliokuja kujificha mvua.

Na mume wangu, bila haya, akaenda kwa mama yake kusema nimeipiga mashine mkosi kwa kuichukia. Mama mkwe akaniita. "Mwanangu, mke haonei wivu chuma." Nilimwitikia tu abee. Ningefungua kinywa siku ile, ningesema ya kutosemwa.

Basi wiki iliyopita alipokwenda shamba nikairudisha ile mashine kwenye boksi lake, nikachukua risiti, nikapanda gari la Mombo, nikafika Tanga. Nikamwomba mwenye duka anibadilishie, nikamweleza kwamba mume wangu alikosea kuchagua. Yule mzee akanitazama kwa huruma. "Mama, hakukosea. Alikuja peke yake wiki moja kabla yenu. Akaniambia nimtafutie isiyopokea maiki hata kidogo, halafu siku akija na mkewe niziweke mbili mezani, muonekane mnachagua."

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Sikulia. Nilitamani kupiga mtu.

Sasa niwaambie nilichowaficha, maana nimekuja kusema kweli. Miezi michache kabla amplifaya haijaungua, kwenye filamu kulikuwa na bwana mmoja anamkimbia adui na kumwacha mkewe nyuma. Nikasema kwenye maiki, nikimwita mume wangu kwa Kishambaa, "Kama mghosi wangu alivyoniacha migombani na nyoka!" Ni kweli aliniacha. Banda zima likaangua kicheko, na yeye yuko mlangoni anakata tiketi. Tangu siku ile stendi nzima wakawa wanampigia mluzi na kumwuliza, "Mghosi, nyoka hajambo?" Alikuwa ananyamaza. Nikadhani yamekwisha, kumbe mwenzangu anapanga.

Mwenye duka amenibadilishia. Niko kwa mama yangu Soni wiki ya pili, na ile nzito yenye matundu mawili iko kitandani kwangu. Mume wangu ametuma mtu: "Mashine itangulie, wewe utafuata nikikuhitaji." Kuomba radhi hakuna. Na jirani mwenye banda la upande wa pili wa stendi naye ametuma mtu: niende kwake na mashine na mdomo wangu, tushirikiane. Nikienda huko, banda letu linakufa ndani ya magulio mawili, na ndilo linalosomesha wanangu, ambao baba yao anao kule.

Nilimkosea kwa neno moja, nakiri. Yeye amenikata ulimi kwa mpango, kwa safari mbili za Tanga. Nishaurini, niipandishe mashine hii kwake au kwa jirani? Ila asinijie mtu na neno vumilia. Nilivumilia kwenye ile kaunta, na yeye na mwenye duka walikuwa wanajua, nisiyejua ni mimi tu.