Pakiti ya Unga Kifuani mwa Baba

Baba alianguka katikati ya mistari ya majani chai, mahali ambapo amepita maisha yake yote, na hakuweza kuinuka mpaka jirani alipoiona kofia yake juu ya vichaka. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kumalizia tasnifu yangu ya uzamili. Wakati huo nilikuwa sebuleni, nikibishana na aya moja kuhusu mbinu za utafiti, na sikusikia kitu. Tangu siku hiyo hata sufuria ikidondoka jikoni natoka mbio kwenda kumtazama Baba.

Hospitalini Kapkatet picha zilionyesha kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia Baba ainuke kitini bila kutumia mikono, naye akashindwa. Ndipo akatueleza kwamba misuli ya mapaja ilikuwa imenywea kwa kukosa kazi, na kwamba hata katika umri wake ingeweza kukua ikibebeshwa uzito unaoongezeka kidogo kidogo. Aanze kwa kuinuka tu. Baadaye ainuke akiwa amekumbatia kitu kizito. Nilimwuliza maswali mengi kiasi kwamba Baba alinigusa bega na kusema, “Mwache daktari naye apumue.”

Kilichoninyima raha kilikuwa choo. Choo chetu kiko nyuma ya nyumba, chini ya mteremko unaoteleza kila mvua inaponyesha, na huku kwetu mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Mama alishafariki, kaka yangu yuko Nairobi, na nyumbani tulikuwa wawili tu. Kwetu binti hamshiki baba yake mkono kumpeleka chooni. Nilianza kuona kwamba Baba anaacha chai nusu kikombe na kusukuma sahani kabla hajashiba, na ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anajinyima ili asihitaji kwenda.

Basi nikachukua pakiti ya unga wa ugali, ya kilo mbili, nikampa aikumbatie.

“Huu tunapika au tunaubembeleza?” aliuliza.

“Inuka nao, Baba.”

Aliinuka. Alitetemeka, akaketi kwa kishindo, akacheka. Baada ya majuma kadhaa alikuwa akiinuka na pakiti mbili, na nilianza kuamini kwamba tatizo letu lilikuwa la misuli peke yake. Nilikuwa sijawahesabu majirani.

Wa kwanza alikuwa mama mwenye duka ninakonunua unga, aliyetoka kwao Nyeri akaolewa huku. Alimkuta Baba amesimama katikati ya sebule, pakiti kifuani.

“Ai! Msichana, unambebesha mzee mzigo?”

“Ni mazoezi, Mama. Yanajenga misuli.”

“Misuli inajengwa na vijana. Nguvu ya mzee ni kama betri ya tochi. Ukiwasha-washa, inaisha.”

Nilimweleza. Nilieleza kwa utaratibu, kwa mifano, labda kwa urefu kupita kiasi, kwamba msuli usipotumika ndio unaoisha. Alinisikiliza kwa upole wote, kisha kesho yake akaleta supu ya miguu ya ng’ombe, kwa kuwa mguu hutibiwa kwa mguu. Baba aliinywa akiwa ameketi. Alimshukuru sana, na siku hiyo hakuinuka hata mara moja kwa sababu alikuwa ameshiba dawa.

Wengine hawakubishana nami, walimpenda tu. Baba akiegemea mbele kidogo, mtu amesharuka kumletea alichokitaka. Kofia, fimbo, maji ya kunawa, redio. Mzee anayejiletea kitu mbele ya watu ni aibu kwa nyumba nzima, na hakuna mtu wa heshima angekubali kuitazama aibu hiyo akiwa ameketi. Sikuweza kumchukia yeyote kati yao, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Siku ya maombi nyumbani kwetu, watu waliposimama kwa sala ya mwisho, nilimwona Baba akirudisha nyayo nyuma na kukunja mikono kifuani jinsi tulivyofanya kila asubuhi. Alikuwa tayari kuinuka kitini mwenyewe. Wanaume wawili wakamshika makwapani wakamnyanyua kama gunia la majani.

“Mwacheni! Anaweza!” nilisema, kwa sauti isiyofaa wakati wa sala.

Mama mmoja akasema taratibu, “Haya, msomi. Tuombe.”

Asubuhi iliyofuata Baba aliukataa unga.

“Watu wanasema unanitesa.”

“Na wewe unasemaje?”

“Mapaja yanauma.”

“Kwenye nyama au kwenye goti?”

“Nimesema mapaja.”

Nilijua kwamba msuli uliofanya kazi huuma na hutulia, na kwamba maumivu hayo si jeraha. Nilijua pia kwamba ningeweza kuwa nimekosea, na nikakaa na mawazo hayo mawili kutwa nzima bila kumlazimisha. Siku zikapita. Akarudia kuacha chai nusu kikombe.

Jioni moja kaka yangu alipiga simu, nikaiweka sauti ya juu ili Baba asikie. Alikuwa amenunua kiti chenye tundu na ndoo chini yake, cha kuwekwa chumbani. Alifurahi sana.

“Hutahitaji kutoka nje tena, Baba. Mvua inyeshe ikitaka.”

Baba akauliza, “Na ndoo itamwagwa na nani?”

Nilitazama sakafu. Baba alimshukuru kaka, akamtakia usiku mwema, akanirudishia simu.

Kesho yake nilimkuta amejichukulia pakiti mwenyewe kutoka kabatini. Kwa mara ya kwanza sikueleza chochote. Wageni walipokuja aliwaambia daktari amekataza ashikwe, jambo ambalo daktari hakulisema kamwe, na daktari wakamtii.

Kiti kilipofika bado alikuwa anatoka nje. Alasiri moja ya manyunyu alichukua fimbo akateremka peke yake. Nilisimama jikoni, mgongo kwa dirisha, kwa kuwa kutazama pia hakufai. Alikawia. Nilihesabu sababu zote zinazoweza kumkawiza mtu, nikafika kwenye ile mbaya kabisa, na bado sikutoka.

Alirudi na tope kwenye goti moja na kwenye viganja. Alinawa, akaketi, akahema.

“Leta chai,” alisema. “Kikombe kizima.”

Miguu yangu ilishaanza kuinuka. Nikairudisha.

“Iko jikoni, Baba.”

Sijawahi kumwambia mzazi wangu neno la ukosefu wa adabu kiasi hicho. Baba akarudisha nyayo nyuma, akakunja mikono kifuani.