Haki ya Emily na Koti la Madam

Mtu akimtaja Peris Nasimiyu vibaya mbele yangu, tutakosana. Nasema mapema ili tusisumbuane. Tulifanya kazi nyumba moja kule Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, mimi jikoni, yeye usafi na watoto, na tangu hapo sijakutana na mtu mwingine mwenye kichwa kigumu kama chake. Mimi naitwa Mwikali, Mkamba wa Machakos. Si rahisi kwangu kumsifu Mbukusu, kwa hivyo mkinisikia nikimsifu mjue nimelazimika.

Mwaka huo ajenti wa Nairobi walikuwa wanasomba wasichana kuwapeleka Saudia kama magunia ya viazi. Ukiwa na pasipoti na mikono miwili, umeenda. Peris alikuja na begi dogo na picha ya msichana aliyevaa sare ya shule, akaibandika ukutani juu ya godoro lake kabla hata ya kuvua viatu.

"Binti yako?" nikamuuliza.

"Binti yangu. Anaitwa Emily."

Nikadhani ni wa kumzaa. Wapi! Emily alikuwa mtoto wa Lydia, jirani yao huko upande wa Bungoma. Lydia alipofariki, mtoto alikuwa na miaka minne, baba hajulikani aliko. Kwenye matanga jamaa walikula, wakalia, na ilipofika swali la nani atakaa na mtoto kila mmoja akakumbuka ana safari. Peris akamtia Emily mgongoni, akafunga leso, akaenda naye nyumbani. Hakumwomba mtu ruhusa.

"Hakuna aliyenipa," aliniambia. "Nilimchukua tu, kama mtu anayechukua mwavuli wake akitoka."

Baadaye Emily akaandikishwa kwenye msaada wa serikali wa mayatima, na hapo ndipo mtu alimjua Peris ni nani. Ile pesa ilikuwa ya Emily, basi. Karo, sare, vitabu, dawa akiugua. Mama yake Peris, anaitwa Roseline lakini pale nyumbani wote wanamwita Kukhu, yaani nyanya, aliwahi kuomba kidogo tu wazibe paa lililokuwa linavuja juu ya kitanda chake. Peris akakataa.

"Mama, paa nitaliezeka kwa jasho langu. Hii serikali imempa Emily. Haikutupa sisi."

Mwambie mama yako maneno hayo uone. Kukhu alinuna msimu mzima wa mvua. Lakini Peris alifua nguo za watu mpaka paa likapata mabati, na pesa ya mtoto haikuguswa. Akinisimulia hayo huwa anainua kidevu, na mimi namwacha akiinue, kwa sababu najua watu wangapi wamekula haki ya yatima na bado wanapewa mkono kanisani.

Sasa, kosa alikuwa nalo moja. Kijijini alikuwa amesema anaenda Saudia kufanya kazi hospitalini. Msimcheke. Kwetu mimi bado najulikana kama meneja wa hoteli, na naomba muache hivyo hivyo.

Madam wetu alikuwa daktari wa meno, na makoti yake meupe ni Peris aliyekuwa anayapiga pasi. Siku moja akalivaa moja, akasimama mbele ya pazia la sebule, mkono mfukoni, uso wa kazi. Alipendeza, aki! Ungempa meno yako yote ayatazame. Akajipiga picha akaiweka kwenye profile yake. Nikamwambia, "Wewe, toa hiyo kitu." Akacheka tu. Jioni hiyo hiyo Kukhu alikuwa ameshaonyesha kanisa zima nesi wake wa Uarabuni.

Watoto wa madam walipofunga shule tuliondoka wote kwenda Jeddah, kwa mama yake bosi, mume wa madam, kwenye nyumba ya zamani huko Al-Baghdadiyah. Joto la Riyadh linakuchoma, la Jeddah linakulowesha, na mimi sijui lipi ni afadhali. Chumba chetu kilikuwa pembeni ya mashine ya kufulia. Ni hapo Peris alipopigiwa simu na mama yake, na nikaona rangi inamtoka usoni.

Jina la Emily lilikuwa limefutwa. Kamati ya kijiji ilikaa kukagua orodha ya mayatima, na mwenyekiti, mzee mmoja anaitwa Naftali, akainua simu yake akaonyesha watu ile picha. Mlezi ni nesi Uarabuni, alisema, amevaa koti la daktari, na hapa kuna watoto wanaolala njaa. Ukweli ni kwamba kwa alivyoona, mzee hakuwa na makosa. Emily alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, na muhula ukifunguliwa hakuwa na njia ya kurudi.

Ijumaa yake tulitumwa Balad kununua viungo, Hashim dereva akatuacha karibu na soko. Nikamwambia Peris katikati ya watu, huku tunakanyagwa na wabeba mizigo: "Lipa mwenyewe! Una mshahara. Mtoto anasoma, wewe unabaki nesi, kila mtu anafurahi. Kwani iko shida gani?"

Akasimama pale pale. Mtu mwenye mkokoteni akampigia kelele, hata hakugeuka.

"Na kesho madam akisema halas, basi, nirudi nyumbani, Emily atasomeshwa na koti? Mshahara wangu uko kwa mkono wa kafili, huyu mwajiri aliyenileta, Mwikali. Ile ya serikali iko kwa jina lake. Nikiiacha ipotee leo kwa sababu naona haya, nimeila. Nimeila kama wale wengine wote."

Nikaenda kununua viungo, na habari ya kulipa mwenyewe sikuitaja tena.

Aliamua kusema ukweli kwa simu Jumamosi, kamati ikikaa kwenye baraza la chifu. Alimpigia Kukhu kwanza, maana alitaka asikie kwake kabla ya kusikia kwa watu. Mama alilia kama aliyefiwa. "Mwanangu, nitaingia kanisani na uso gani?"

"Na huo huo wako, Mama. Hauna kasoro."

Lakini Emily hakumpata. Alikuwa bado shuleni, anarudi siku ile ile ya baraza. Hilo ndilo lilikuwa linamtafuna Peris. Mtoto alikuwa amewaringia wenzake miezi yote hiyo kwamba mama yake ni nesi, na sasa angeujua ukweli mbele ya kijiji kizima. Nilimsikia akijisemea huku anafua, "Anichukie, lakini asome."

Jumamosi asubuhi madam akamruhusu kupiga simu. Alimuuliza ni kwa ajili ya nani, Peris akasema binti yangu, na madam akatikisa kichwa akaenda zake. Tukaingia chumbani kwetu, nikashika simu mimi. Hashim alitupa intaneti yake, tukapiga simu ya video kwa imo. Upande wa pili mtu akainua simu juu, nikaona watu wamejaa nje ya ofisi ya chifu, Kukhu kwenye kiti cha mbele na kitambaa chake kichwani, Emily nyuma yake na begi la shule bado mgongoni.

Peris alikuwa amevaa aproni. Nilimwambia aivue, akakataa.

"Mzee Naftali, shikamoo. Wazazi wangu, hamjambo. Mimi si nesi. Sijawahi kuwa nesi. Nafua, napiga deki, naosha watoto wa wenyewe. Hiki ndicho chumba ninacholala. Mwikali, waonyeshe."

Nikawaonyesha. Magodoro mawili, mashine ya kufulia, rundo la nguo za pasi, ndoo. Sikuacha kitu. Mtu mmoja kule akacheka, na kama ningekuwa karibu ningemzaba kofi.

Mungu naye ana mambo yake. Bibi mwenye nyumba akachagua dakika hiyo kupaza sauti kutoka juu: "Peris! Wein shay? Yalla!"

Peris angeweza kuziba simu. Hakuziba. Akageuza uso mlangoni akajibu kwa sauti yake yote, kwa Kiswahili ili wa kwao wasikie, "Naleta chai, mama, naleta sasa hivi!" Halafu akawageukia watu wa kwao. "Mmesikia? Ndiyo kazi yangu."

Naftali akakohoa. "Kwa hivyo, mama, ulitudanganya."

"Niliwadanganya juu yangu. Lile koti ni la madam, mimi hulipiga pasi. Juu ya Emily sijawahi kudanganya hata neno. Lydia mlimzika wenyewe, mnajua kaburi lake liko wapi. Kama uongo una adhabu, nipeni mimi, nitaibeba. Msimnyang'anye mtoto haki yake kwa sababu ya picha yangu."

Nilikuwa nalia na simu inacheza mkononi, watu wa kijiji lazima walidhani Jeddah kuna tetemeko. Wanakamati wakainamiana, wakanong'ona, mama mmoja akawa anamtikisia Naftali kidole karibu na pua. Mwishowe mzee akakaa sawa, akavuta karatasi zake.

"Jina la mtoto linarudi," akasema. "Emily ataendelea kama zamani."

Watu walipiga makofi, na sisi tukadhani yameisha. Lakini Naftali alikuwa bado ameshika kalamu. Nitampa haki yake, hakuwa mtu mbaya. Alimtazama Kukhu aliyekuwa ameinamisha kichwa mpaka kitambaa kinamfunika macho, akateremsha sauti.

"Hapa kwenye fomu wanataka kazi ya mlezi. Tuandike tu yuko ng'ambo. Inatosha."

"Haitoshi."

Alikuwa Emily. Alikuwa amesimama, begi mgongoni, machozi yanamtiririka na hayafuti. Sauti yake ilitoka nyembamba halafu ikakaza.

"Andika mfanyakazi wa nyumbani, Saudi Arabia. Mama amesema mbele yenu wote. Kwa nini tumfiche?"

Peris akateleza akakaa juu ya zile nguo za pasi, mkono mdomoni. Naftali akamtazama tena Kukhu, kama anayeomba ruhusa, na yule mama aliyekuwa haoni ataingiaje kanisani akainua kichwa, akarudisha kitambaa chake nyuma.

"Hujasikia mjukuu wangu?" akamwambia. "Andika. Na mwandiko uwe mzuri, Naftali, watu wasome."

Naftali akaandika.