Magunia ya Mchanga

Gari yetu inapiga mateke ikiwa tupu. Kila anayeiazima hunirudishia huku ameshika kiuno, eti mama, hii pikapu yako haina huruma hata kidogo. Namwambia akamlaumu mume wangu, ndiye aliyeichagulia miguu hiyo. Na mume wangu yuko chini ya saruji, hajibu mtu.

Wakati ule tulikuwa na duka la saruji pale Lumino, ambalo bado ninalo, na mzigo tulikuwa tunaufuata Tororo wenyewe. Tulikuwa tukirudi gari imelala kwa nyuma, pua imeangalia juu, taa zikimulika matawi ya miti badala ya barabara. Siku springi moja ilipovunjika tukiingia Busia tukasema sasa basi, tukaenda kwa fundi mmoja pale karibu na mpaka.

Fundi alitueleza bila haraka. Shokamzoba nene zipo, lakini hizo zinatuliza mrusho tu, mzigo hazibebi. Ipo mipira ya hewa inayokaa juu ya ekseli: ukipakia unaijaza upepo, ukishusha unaupunguza, gari inalainika tena. Au aongeze vyuma kwenye springi zenyewe, gari isimame wima hata na mzigo mzito. Akaonya kwamba kuongeza springi si kuongeza gari. Ekseli ni ile ile, breki ni zile zile, tusije tukapakia kama lori.

Mimi nilitaka mipira. Nilijua nani anakaa kwenye hiyo gari ikienda tupu.

“Mama, mpira ukipasuka kule kijijini, nani ataziba?” mume wangu akaniuliza. “Chuma kikivunjika, wa kukichomelea hakosekani.”

“Na mifupa yangu ikivunjika?”

“Hiyo nayo tutaichomelea.”

Fundi akacheka. Mimi nikanuna mpaka nyumbani, na vyuma vikaongezwa. Mtu yule alikuwa na kichwa kigumu, lakini ukweli usemwe: ikiwa na saruji, gari ilitembea imetulia kabisa. Ikiwa tupu ndiyo ilikuwa balaa. Akiwa anampeleka mama yake kanisani, alikuwa akipanga magunia ya mchanga nyuma, juu ya ekseli, ili springi zilale na bibi wa watu asirushwe. Mimi hakuniwekea hata gunia moja. Alisema mke wa mwenye saruji ameshazoea.

Halafu mgongo ukaanza kumuuma. Tulidhani ni kubeba mifuko. Hospitalini Tororo wakatuambia ni kansa, nayo imeshaingia mifupani. Akawa wa kulazwa na kutolewa, kulazwa na kutolewa, na mimi ndiye dereva. Kitu alichokuwa akiniomba kilikuwa kimoja tu. Nisimwache afie kwenye kitanda cha watu, nimrudishe nyumbani kwake.

Safari ya kwanza ya kumrudisha sitaki kuikumbuka, ila inakuja yenyewe. Kila tuta, gari iliruka na yeye akauma mkono wa shati lake. Hakupiga kelele. Tulipofika Busia shati lilikuwa limelowa mate, na aliniomba nisimame apumue kidogo. Nilisimama. Nikamwambia kesho napeleka gari kwa fundi, avitoe vyuma vyote.

“Usivitoe,” akasema. “Saruji utabebea nini?”

“Saruji iende huko.”

“Mimi napita, mama. Watoto wanabaki. Wacha chuma.”

Nilikasirika, nikaondoa gari kwa nguvu mpaka akaguna, ndipo nikapunguza mwendo. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa anasema kweli, na kwa sababu alikuwa ameshaanza kupanga maisha yangu bila yeye.

Vyuma sikutoa. Nilijaza magunia mchanga, nikayapanga juu ya ekseli vile nilivyomwona akiyapanga. Siku ya kumchukua tena hospitalini sikumwambia kitu. Tuta la kwanza alilingoja amefumba macho, shati tayari mdomoni. Gari ikapanda taratibu, ikashuka taratibu. Akafungua jicho moja.

“Umeweka mchanga.”

“Nimeweka.”

“Wa mama yangu?”

“Wako.”

Akacheka kidogo, akalaza kichwa kwenye kioo. Mwamba wa Tororo ulipobaki nyuma yetu alikuwa ameshalala, na alilala mpaka tulipokata kona ya nyumbani. Sikuwa nimemwona akilala hivyo tangu ugonjwa uingie. Badala ya kusimama niliizunguka nyumba na gari, ili nisimwamshe.

Mara ya mwisho walisema nije nimchukue asubuhi. Nilikuja mapema, mchanga umepangwa, godoro dogo nimelikunja kwenye kiti. Nilimkuta ameshafunikwa. Nesi aliniambia hakuteseka, na mimi nilikuwa nasikia tu kwamba nimechelewa.

Kaka zake walikuja na jeneza. Kabla hawajalipandisha wakaanza kushusha magunia, wapate nafasi.

“Rudisheni,” nikasema.

“Shemeji,” mkubwa wao akanijibu kwa upole, “marehemu haumwi tena.”

“Nimesema rudisheni.”

Wakatazamana. Najua walichofikiri. Lakini waliyarudisha, wakayasawazisha, wakaweka jeneza juu yake. Shemeji yule mkubwa akaendesha. Mimi nilikaa nyuma, mkono juu ya ubao wa jeneza, na kila tulipokaribia tuta niligonga paa la gari apunguze. Alipunguza. Tulifika nyumbani jeneza halijahama hata kidogo.

Fundi wa kaburi alipungukiwa na mchanga. Watu wakayaangalia magunia yangu, kisha wakaniangalia mimi. Nikawaambia wachukue. Wakayafungua magunia pale pale, wakakoroga na saruji ya dukani kwetu. Sikulia. Nilisikia wanawake wakinong’ona kuhusu hilo, nikawaacha waseme.

Wageni walipokwisha kuondoka, dukani hapakuwa na saruji hata mfuko mmoja, na watoto wanakula kutoka duka hilo. Nikatoa gari, nikaelekea Tororo peke yangu. Hata barabara kubwa sikuifikia. Kwenye shimo la kwanza, nje tu ya nyumbani, gari ilinirusha mpaka kichwa kikagonga paa. Nikasimama katikati ya njia, nikalia kwa sauti kubwa. Mwanamke aliyekuwa akipalilia mihogo aliacha jembe, akaja kufungua mlango, akaniuliza kama nimeumia.

Nilimwambia gari ni tupu. Mchanga wote nimemwachia mume wangu.